Mkono Mbavuni

Bwana mifugo wetu ni mwanamke, Somoe Nampembe.
Alifika Kilimarondo na pikipiki isiyo na breki ya mbele,
akavua pete, akaitia mfuko wa shati,
akaniambia: Luhende, ng'ombe hapimwi kwa macho.
Macho ni mashabiki.

Akashika kiganja changu kama cha mtoto anayefundishwa alifu,
akakibandika kwenye mbavu za Fuso.
Bonyeza. Usipapase kama unambembeleza.
Zinahesabika?
Zinahesabika.
Rudi shina la mkia. Kuna shimo?
Ngumi inaingia.
Panda pingili za mgongo.
Nikapanda, zikanichoma kama meno ya msumeno.
Akaandika mbili kwenye daftari linalonuka mafuta ya taa,
mbili kati ya tano,
na ng'ombe mwenyewe nundu yake inanifika kidevuni.

Fuso!
Baba alimswaga akiwa mtamba, kutoka Usangu,
mwaka ule tulipotolewa bondeni.
Miezi mitatu ya kwato. Wengine tuliwaacha njiani
na fisi wakatusindikiza wakicheka.
Wenyeji walitoka majumbani kuja kumtazama,
mmoja akauliza kama ni nyati aliyesilimu.
Wasioweza kutamka majina yetu
walisema tu: wale wa ng'ombe mkubwa.

Somoe akaomba mkaa,
akachora ukutani, jikoni kwa mke wangu:
masika sita. Fuso, ndama wawili.
Kisoda, yule mwekundu tuliyempata kwa deni la korosho,
ambaye mbuzi wakijipanga humwoni,
ndama watano; mmoja alikufa kwa ndigana.
Ndama wa Fuso huwa mkubwa, nikasema.
Mkubwa, akasema. Wa mwaka jana yuko wapi?

Mke wangu akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Mwili mkubwa una kodi yake, akasema Somoe,
kila kunapokucha unajilipa wenyewe kwanza.
Masika majani yanagusa tumbo, nani hashibi?
Ngoja Septemba, nyasi zikiwa waya.
Kisoda anaokota mabibo chini ya mikorosho ya watu
(faini tumelipa mara mbili)
anashiba, na kidogo kinabaki cha kumpa aliye tumboni.
Fuso anaokota yaleyale, yanaishia miguuni.
Anazaa amekonda, ananyonyesha amekonda,
dume anampita kama anavyopita kisiki.

Au mnunulie pumba, akasema, akivaa pete.
Gunia ngapi? Akataja.
Nilicheka peke yangu.

Mnadani Nachingwea mchinjaji alimtazama kwa macho,
akalipa kwa macho.
Nilihesabu noti mara mbili nikitafuta kosa, halikuwepo.
Wakampandisha kwenye lori,
Fuso juu ya Fuso, hata madalali walicheka,
naye akageuza kichwa taratibu
kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu.

Jioni namwogesha baba. Siku hizi ananiruhusu.
Mtu aliyevuka Rufiji na ndama mabegani!
Sabuni inateleza, na kiganja changu,
kikishafundishwa hakiachi:
mbavu.
Pingili.
Nyonga mbili kama vipini vya jembe.
Sitaki namba, namba inakuja yenyewe.

Kwenye povu, macho kafumba, ananiuliza:
Fuso kapandishwa?

Namwagia maji ya kichwani, kata moja, kata ya pili.
Jikoni uji wa maziwa ya Kisoda unapozwa,
bakuli hadi bakuli.

Kapandishwa, baba.